Uzi wa Bibi Trena

Bibi Trena aliacha kula siku ya Jumatatu, na ilipofika Ijumaa alikuwa ameshavaa nguo zake za kuzikiwa.

Lilikuwa gauni jeusi la sufu, lililokaa sandukuni miaka na miaka pamoja na naftalini, soksi mpya na kitambaa cha kichwa ambacho hakuwahi kukivaa kwa sababu alikuwa anakitunzia siku hiyo. Alilala chali, mikono kifuani, mshumaa tayari juu ya meza, katika joto la Julai ambalo hata nzi walikuwa wanaruka kwa uvivu. Chumba kizima kilinuka naftalini na jasho la kizee. Velika, mke wa mwanawe, aliingia na bakuli la mtindi, akabana pumzi, akafungua dirisha kwa kishindo.

"Mama, kaa ule."

"Funga dirisha. Maiti hapigwi upepo."

"Wewe si maiti. Maiti hajibizani."

Wanawake hawa wawili walikuwa wamegombana kwa miaka thelathini bila mapumziko. Waligombania chumvi ya kachumbari, namna ya kuanika mashuka, nani aliacha lango wazi mbuzi wakala kabichi. Kijiji kizima cha Podvran kilijua kwamba wakinyamaza siku nzima, basi kuna mgonjwa. Lakini kugombana ni jambo moja, na kumtazama mtu akijifisha mbele ya macho yako ni jambo jingine kabisa. Daktari alikuja jana yake kutoka mjini, akamsikiliza moyo na mapafu, akamwambia Velika pale mlangoni kwamba bibi huyu hana ugonjwa, na kwamba moyo wake ungemfaa askari jeshi.

"Basi niambie unaumwa wapi," Velika alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Siumwi popote. Wamenipima kivuli."

"Wamekupima nini?"

"Kivuli. Wamekipima kwa uzi, na uzi wameutia ukutani kule juu ngomeni. Siku arobaini zinaisha kesho." Bibi Trena alisema hayo kama mtu anayetaja saa ya basi. "Sasa niache nilale vizuri, nisije nikafa mdomo wazi watu wakanicheka."

Velika alijua hadithi hizo. Nani asiyezijua? Zamani waashi wa milima hii ukuta ukiwashinda walimvizia mtu, wakapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, wakauweka uzi kati ya mawe. Ukuta unasimama, mwenye kivuli anakufa ndani ya siku arobaini. Baba yake Bibi Trena alikuwa mwashi, na bibi alizijua habari hizo tangu ananyonya.

"Nani kakupima?"

Bibi alifumba macho. "Kimepimwa, basi."

"Ni yule Parashkev, msimamizi wa ujenzi kule juu?"

Velika akauliza tena, akauliza kwa ukali, akauliza kwa kubembeleza, na bibi akavuta gauni lake chini mpaka likafunika vifundo vya miguu, kwa heshima, kama watu wa mazishi wameshafika.

Velika mwenyewe hakuamini hata chembe. Alikuwa amefanya kazi ya kiwanda cha maziwa tangu ujana, na alichokuwa anakiamini ni kipimajoto na sabuni. Uzi haumwui mtu. Lakini kuamini kwamba uzi unaua, hapo kuna maneno: huyu bibi mwenye moyo wa askari angekufa kweli, kesho au keshokutwa, kwa njaa na ukaidi, na mshumaa wake pembeni. Dawa ilikuwa moja tu. Uzi utolewe ukutani, aletewe hapa auone kwa macho yake, ale.

Usiku ule Mincho, mume wa Velika, hakulala nyumbani. Alikuwa mmoja wa waashi waliokuwa wanaijenga upya ngome ya kale kilimani, na wiki nzima alikuwa analala kulekule kazini akisingizia kwamba kazi ni nyingi. Akija nyumbani anakula amesimama jikoni, kisha anaondoka bila kuchungulia chumba cha mama yake. Velika alidhani ni huzuni. Wanaume wengine huzuni huwafanya wakimbie.

Asubuhi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Eliya, na ndiyo siku waliyoichagua wakubwa kufungua ngome. Kondoo walikuwa wamechinjwa, supu ya sadaka ingepikwa kwenye masufuria makubwa chini ya ukuta, na wanawake wa Podvran waliambiwa waje na miiko yao. Velika akachukua upawa wake wa chuma, wenye mpini mrefu, na kopo la maziwa lenye mfuniko, akapanda kilima.

Ngome hiyo ya Vranigrad aliyoijua yeye utotoni ilikuwa majani ya kuwasha, samadi ya mbuzi, visiki viwili vya ukuta na sakafu ya kanisa dogo ambapo wapenzi walikuwa wanakutana. Sehemu nyingine zote za ngome zilikuwa zimeshuka kijijini jiwe kwa jiwe, kwa mamia ya miaka, mgongoni mwa punda. Jirani yao alikuwa na hori la nguruwe ambalo zamani lilikuwa jeneza la jiwe la mkubwa fulani. Kizingiti cha nyumba ya Mincho kilikuwa na msalaba uliochongwa, umelazwa kifudifudi ili watu wasiukanyage. Hakuna aliyeona aibu. Ngome ilishindwa kuwalinda babu zao, basi angalau iwahifadhi nguruwe wao.

Kisha zikaja fedha kutoka mbali, za kuihuisha historia. Hakuna aliyejua Vranigrad ilifananaje, kwa hiyo waliijenga jinsi walivyopenda. Mawe mapya meupe yalikaa juu ya yale ya kale kama meno ya bandia. Mnara ulikuwa na madirisha ya plastiki. Mlangoni walisimamisha askari wa mbao, amekatwa tundu usoni ili mtalii atie sura yake apigwe picha. Na vyoo, Mungu wangu, vyoo walivijenga hasa pale ilipochimbuliwa mifupa ya watu waliokufa wakiilinda ngome. Mifupa yenyewe ilitiwa kwenye magunia ya vitunguu, ikawekwa stoo, nyuma ya mafagio. Velika alipita karibu na vyoo hivyo, tayari vinanuka kabla hata ya kuzinduliwa, akatema mate chini. Hakujali nani anamwona.

Basi la kwanza la watalii lilikuwa limefika. Militsa, msichana wa mjini aliyeajiriwa kuwatembeza wageni, alikuwa amepanda juu ya jiwe na kipaza sauti mkononi, uso unang'aa kwa jasho na poda.

"Na kutoka mnara huu, wageni wetu, binti wa bwana wa ngome alijirusha bondeni ili asitekwe na Waturuki!"

Mnara huo ulikuwa umemalizika mwezi uliopita. Watalii wakainua shingo, wakamsikitikia binti.

"Lakini ngome ilitekwaje?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya pama.

"Kwa usaliti!" Militsa aliteremsha sauti, kwa utamu. "Waturuki walizingira kilima miezi mingi wakashindwa. Maji yalikuwa yanakuja kwa mfereji wa chini kwa chini, wala hakuna aliyejua unapita wapi. Ndipo bibi kizee mmoja akawanong'oneza: mpeni punda chumvi, mnyimeni maji, kisha mwachieni. Punda akaenda moja kwa moja, akaparapara ardhi kwa kwato, na mfereji ukaonekana."

"Bibi huyo alikuwa wa hapa?"

"Wa Podvran, ndiyo! Kijiji hicho hapo chini."

Wakacheka, wakageuka kumtazama Velika na upawa wake. Yeye akawaangalia kwa macho makavu. Hadithi hii aliisikia tangu mdogo na hakuwahi kuifikiria. Leo ilimkaa kooni. Ngome nzima ya wanaume wenye panga imechukuliwa, na wa kulaumiwa ni bibi mmoja na punda. Karne zimepita, bado bibi anatafutwa.

"Na huyo bibi nani alimsikia akinong'ona?" aliuliza kwa sauti. "Wewe ulikuwepo?"

Militsa alitabasamu tabasamu la kazini. "Ni hadithi tu, mama."

"Ndiyo. Hadithi tu," Velika akasema, akawapita.

Masufuria yalikuwa yanatokota chini ya ukuta wa mashariki, uleule uliokuwa umeanguka, ukajengwa, ukaanguka tena, mpaka ikawa kichekesho cha wilaya. Sasa ulikuwa umesimama, mrefu, umetundikwa bendera. Fundi Parashkev, msimamizi wa ujenzi, mtu wa ng'ambo ya mlima, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tumbo limemwagika juu ya mkanda. Mkono mmoja alishika glasi ya gongo ya matunda ya plamu, mkono wa pili kitunguu kibichi alichokuwa anakiuma kama tunda. Vipande vilikuwa vimemng'ang'ania masharubuni.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Karibu! Supu yataka mkono wa mwanamke."

"Fundi Parashkev, wewe ndiye uliyempima kivuli mama mkwe wangu?"

Waashi waliokuwa wanakata mkate wakaacha kukata. Parashkev alimeza kitunguu chake bila haraka.

"Mimi? Mimi sijampima mtu, shemeji. Mikono yangu safi." Akaionyesha kabisa, na haikuwa safi. "Nilichofanya ni kuwaambia vijana ukweli. Ukuta umekataa. Leo tunajenga, kesho uko chini. Huu unataka kivuli. Nikawaambia: nileteeni uzi, sitauliza wa nani. Asipoleta mtu, nitampima wa kwanza kupita hapa asubuhi, kama walivyofanya wazee wetu. Uzi ukaletwa. Na ona, ukuta umesimama!"

"Nani aliuleta?"

Parashkev alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye jambo halimhusu. "Mambo ya ndani ya nyumba mimi siyaingilii. Muulize mumeo."

Mincho alikuwa kwenye sufuria la mwisho, amewapa mgongo, anakoroga supu iliyokuwa haihitaji kukorogwa. Masikio yalikuwa yamemwiva. Velika alimfuata akasimama karibu naye kiasi cha kuona jasho likimtiririka shingoni na kuingia kwenye kola.

"Ni wewe?"

"Velika, watu wanatuangalia."

"Waangalie, macho ni yao. Ni wewe uliyempima mama yako?"

"Punguza sauti, mke wangu, nakuomba." Alikoroga kwa kasi zaidi. "Ana miaka themanini na ushee. Wenzangu wote wana wazazi vijana, wana watoto. Nani ana mzee kama wangu? Nikasema, mama hata hivyo msimu wa baridi huu... Mwenyewe kila siku anasema amechoka. Si anasema? Si umemsikia?"

"Kila mtu anasema amechoka, Mincho! Mimi nasema nimechoka kila nikifua soksi zako! Ndiyo unipime?"

Mincho alimgeukia. Alikuwa na macho mekundu, na katika macho hayo kulikuwa na kitu ambacho Velika hakukitarajia, aina ya fahari.

"Ndiyo hasa," alisema kwa kunong'ona. "Ungepimwa wewe. Wa kwanza kupita hapa asubuhi ni nani? Nani anatuletea maziwa kila siku kabla jua halijachomoza? Parashkev alishaandaa uzi, Velika. Ilikuwa wewe au mama. Nikakuchagua wewe uishi."

Akasubiri. Alikuwa anasubiri shukrani.

Velika alirudi nyuma hatua moja, akatoka kwenye mvuke wa mafuta ya kondoo. Miaka thelathini alikuwa akingoja Mincho amchague yeye mbele ya mama yake, hata mara moja, hata kwa jambo la chumvi. Na leo amemchagua. Alimtazama mikono, mikono aliyolala nayo, yenye kucha zilizojaa vumbi jeupe, akaona kwamba asingeweza kuvumilia imguse.

"Na saruji?" aliuliza.

"Saruji gani?"

"Ukuta ukianguka, mwashi anatia saruji. Mmekaa hapa wanaume wazima, mmeshauriana mama wa nani afe. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kutia saruji?"

Mwashi mmoja alianza kuokota makombo ya mkate kwenye suruali yake, moja moja. Parashkev alikohoa, akatazama ndani ya glasi. Wote walijua saruji ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye baraza la huyu na zizi la yule, ilikuwa kwenye gereji mpya ya Parashkev ng'ambo ya mlima. Na Velika, maneno yakiwa bado mdomoni, akakumbuka sakafu ya jiko lake la uani. Sakafu laini, ya kijivu, isiyo na ufa, aliyoimwagia maji kila asubuhi kwa furaha. Wakati wa masika alisimama juu yake kwa viatu vipya akamwambia mumewe: kumbe ukitaka unaweza! Wala hakuuliza imetoka wapi. Hakuuliza kwa sababu hakutaka kujua.

Kinyaa alichokuwa nacho kwa wale wote kikamrudia mwenyewe, chote, hakikupungua hata tone. Lakini aibu yake ingengoja, maana bibi asingeweza kungoja.

"Nionyeshe jiwe," alisema.

"Velika..."

"Jiwe, Mincho."

Akamwonyesha kwa kidevu. Lilikuwa kimo cha kifua, jiwe jeupe la ukubwa wa mkate, karibu na ukingo wa bendera. Velika aliingiza ncha ya upawa kwenye ungio la mawe, akakwangua. Alidhani angetoka jasho. Wapi! Ungio lilimwagika kama unga wa mahindi kutoka gunia lililotoboka. Ulikuwa mchanga mtupu wa mtoni, na vigamba vya konokono ndani yake.

"Wee mwanamke!" Parashkev aliruka, ndoo ikabingirika. "Huo ukuta ni mali ya umma!"

"Njoo unizuie basi," Velika alimjibu bila kugeuka. "Njoo uwaeleze hawa wageni kwa nini mali ya umma inakatika kwa upawa."

Maana watalii walikuwa wameshafika, na Militsa mbele yao. Alimwona Velika, aliuona mchanga unavyotiririka, akamwona Parashkev amesimama mdomo wazi, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kazi yake hakubabaika hata kidogo.

"Na hapa, wageni wetu, tuna bahati kubwa! Wanakijiji wanatuonyesha igizo la desturi ya kale ya waashi!"

Wageni wakapiga makofi. Mzee mwenye kofia ya pama akapiga picha. "Simama hivyohivyo, mama," alimwambia Velika kwa upole. "Geuka kidogo huku kwenye mwanga. Vizuri sana!"

Velika aliling'oa jiwe, likaanguka miguuni, likapasuka vipande viwili. Nyuma yake kulikuwa na kichupa cha plastiki. Alikitambua kabla hajakigusa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akivinunua duka la dawa. Kilikuwa kichupa cha vidonge vya presha vya Bibi Trena, jina lake limeandikwa ubavuni. Mwanawe hakutaka uzi ulowe.

Ndani ulikuwemo uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Huo nao aliujua. Bibi Trena aliusokota kila mwaka mwanzoni mwa Machi, akawafunga watu wote wa nyumba mkononi wapate afya, hata mbuzi, na Velika pia, hata miaka ile waliyokuwa hawasemeshani. Mincho alikata kipande cha uzi wa afya wa mama yake akampimia kifo.

"Ukiuondoa ukuta utaanguka," Mincho alisema nyuma yake. "Mimi ndiye nafanya kazi chini yake, Velika. Utaniangukia mimi."

"Basi usikae chini yake."

Alikitia kichupa kifuani, akachota supu kwa upawa uleule baada ya kuusuuza, akajaza kopo, akafunika. Alipokuwa anashuka aligeuka mara moja. Parashkev alikuwa ameshamwamuru mtu asogeze bendera kidogo ili ifunike tundu.

Nyumbani alikuta chumba kimefungwa dirisha na mshumaa umewashwa. Bibi Trena alikuwa mweupe, midomo imepasuka, lakini jicho moja lilifunguka mlango ulipolia.

"Umechelewa," alisema bibi. "Nilidhani nitaondoka peke yangu."

Velika alipuliza mshumaa, akamwekea uzi kiganjani. Bibi hakuutazama. Aliupitisha kati ya vidole, fundo kwa fundo, kama anavyopima uzi wa kusokota, mpaka akaufikia mwisho.

"Ni wenyewe. Umeutoa wapi?"

"Ukutani."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, mama. Sasa kaa ule."

Bibi hakukataa wala hakukubali. Velika akamwinua, akamwekea mto mgongoni, na alivyokuwa mwepesi ilimtisha. Gauni la sufu lilikuwa limelowa jasho. Alimfungua vifungo vya shingoni, akamfuta shingo kwa kitambaa cha maji. Alikuwa amekusudia kumficha jina la aliyempima. Njia nzima alikuwa anatunga uongo, na uongo ulikuwa tayari: ni Parashkev, mtu wa ng'ambo ya mlima, watu wa kule ndivyo walivyo.

"Aliyekupima, mama, ni yule..."

"Namjua aliyenipima," bibi alisema. "Nilikuwa uani naanika mashuka. Nikamwona kwa pembe ya jicho, ananinyatia nyuma kama anayekamata kuku, na uzi mkononi. Mikono inamtetemeka, maskini. Tangu mdogo huyo hajui kupima kitu, hata mlango wa banda aliukata mfupi." Akapumzika. "Basi nikasimama wima, nisitikisike, apate kipimo kizuri."

Velika alikaa na kitambaa mkononi, maji yanadondoka sakafuni.

"Kwa nini, mama? Kwa nini usimgeukie ukampiga kofi?"

"Na angempima nani? Mimi binti wa mwashi, usinifundishe. Wakikosa uzi wanampima wa kwanza kupita asubuhi." Bibi Trena aligeuza uso kuelekea ukutani. "Wewe ndiye unayepita pale asubuhi na maziwa yako."

Velika alitaka kulia, alitaka pia kumtingisha yule kizee mpaka meno yatoke. Alichofanya ni kuuchukua uzi, akamfunga bibi kwenye kifundo cha mkono, mafundo mawili, kama bibi mwenyewe alivyokuwa akimfunga yeye kila Machi.

"Na usifikiri nilisimama kwa ajili yako," bibi aliongeza. "Kuna mashuka ya kuanikwa humu. Ingawa unaanika vibaya."

"Fungua mdomo."

Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili kilipita. Bibi alikunja uso, akameza, akasubiri kidogo kama anayesikiliza supu inaelekea wapi.

"Chumvi haitoshi."

"Sikuipika mimi."

"Ndiyo maana ina mafuta mengi hivi."

Alikula polepole. Rangi ilianza kumrudi kwenye masikio kwanza. Nje mbwa alibweka mara moja akanyamaza, lango likalia, na viatu vya Mincho vikasikika kwenye sakafu ya jiko la uani, ile laini ya kijivu. Vilifika katikati vikasimama. Hakuita mtu. Aliweza kusikia kijiko kikigonga bakuli, kwa hiyo alijua mama yake anakula, na bado hakuja.

Bibi Trena naye alikuwa amesikia viatu.

"Mincho amekula?" aliuliza.

"Sijui."

"Ametoka kazini huyo, ana njaa. Mwachie kidogo."

"Nimemwachia, mama," alisema Velika, na akaendelea kumlisha mpaka bakuli na kopo vikabaki vitupu.